Birmingham: Moto wa mwisho wa simfonia uwe mkali kiasi gani?

Orkestra kubwa inapofika sehemu ya mwisho ya simfonia, ile inayotakiwa kuwaka moto, kuna mtu mmoja anayelazimika kukata shauri kabla noti ya kwanza haijasikika: mwendo uwe wa kasi gani? Mjini Birmingham, mji wa pili kwa ukubwa nchini Uingereza, mtu huyo tangu mwaka 2023 amekuwa Mjapani Kazuki Yamada, kiongozi wa Orkestra ya Simfonia ya Jiji la Birmingham, inayojulikana zaidi kwa herufi CBSO. Wenyeji humwita mtu wa namna hiyo kondakta, na hapa tuwatoe wasiwasi wasomaji wetu walioko nyumbani: si yule anayening'inia mlangoni mwa daladala akidai nauli. Ingawa, kwa kweli, wote wawili ndio wanaotoa ishara ya gari kuondoka.

Suala lenyewe linaweza kuonekana dogo. Noti ni zilezile, wapigaji ni walewale, basi kuna ubaya gani wakizipiga kwa haraka kidogo au taratibu kidogo? Tutajaribu kuonyesha kwamba ubaya upo, na kwamba wakati mwingine kasi peke yake hugeuza kilio kuwa shangwe. Mfano tuliouchagua ni simfonia inayopendwa mno hapa Birmingham na duniani kote, nayo ni ya tisa ya Antonín Dvořák, iitwayo "Kutoka Dunia Mpya".

Dvořák, Mcheki aliyezaliwa mwaka 1841, hakuwa mgeni katika mji huu. Mwaka 1885 aliongoza mwenyewe kazi yake ya kwaya na orkestra katika tamasha kubwa la muziki la Birmingham, na mwezi Oktoba 1891 alirejea kuongoza kwa mara ya kwanza misa yake ya wafu, iliyotungwa kwa ajili ya tamasha hilohilo. Ukumbi uliotumika, Town Hall, ungali umesimama katikati ya mji na nguzo zake za mtindo wa mahekalu ya Kirumi. Mwaka mmoja baada ya misa hiyo alivuka bahari kwenda New York kuongoza chuo cha muziki, na huko ndiko alikotunga simfonia tunayoizungumzia. Ilipigwa kwa mara ya kwanza tarehe 16 Disemba 1893 katika ukumbi wa Carnegie, chini ya uongozi wa Anton Seidl.

Juu ya sehemu ya nne na ya mwisho Dvořák aliandika maneno ya Kiitaliano yenye maana ya "kwa kasi, na kwa moto". Kisha, kana kwamba hakuwaamini makondakta, akaongeza tarakimu: mapigo 152 kwa dakika. Tarakimu hiyo ni ya metronomu, kile kifaa kinachogonga tiki-taki ambacho Johann Mälzel alikisajili mwaka 1815 na ambacho Beethoven alikichangamkia sana, hata akatangaza mwaka 1817 kasi za simfonia zake nane. Tangu hapo ugomvi haujaisha. Wapo wanaosema tarakimu ya mtunzi ni amri, na wapo wanaosema ni pendekezo la mtu aliyeketi chumbani peke yake bila ukumbi, bila watu na bila jasho. Inafaa kukumbusha kwamba Johannes Brahms, rafiki wa Dvořák aliyesahihisha chapa ya simfonia hii wakati mtunzi yuko Marekani, mwenyewe hakuwa mpenzi wa metronomu hata kidogo.

Hebu tupige hesabu. Mapigo 1,000 kwa kasi ya 152 huchukua dakika 6 na sekunde 35. Kondakta akishuka hadi 132, mapigo hayohayo yatachukua takriban dakika 7 na nusu. Tofauti ni dakika moja tu, muda wa kunywa kikombe cha chai kilichopoa. Lakini kwa mpiga fidla tofauti hiyo ni nyingine kabisa. Muda mfupi baada ya tarumbeta na baragumu kutangaza wimbo mkuu, fidla huingia mbio, noti tatu ndani ya kila pigo. Kwa kasi ya 152 hizo ni noti saba na zaidi kwa kila sekunde, na kila moja inatakiwa isikike peke yake kama punje ya mchele uliopikwa vizuri.

Hapo ndipo ukumbi unapoingia kati, na ndiyo sababu Birmingham ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili. Hadi mwaka 1991 CBSO ilikuwa ikipiga katika Town Hall. Mwaka huo ukafunguliwa ukumbi mpya wa Symphony Hall, kandokando ya Broad Street, wenye viti zaidi ya 2,000. Mtaalamu wa sauti aliyeshughulikia ukumbi huo ni Mmarekani Russell Johnson. Juu ya jukwaa aliweka paa zito linaloweza kupandishwa na kushushwa, na kuzunguka ukumbi akajenga vyumba vya mwangwi vyenye milango mizito ya zege, inayofunguliwa au kufungwa kulingana na muziki wa siku hiyo. Milango ikiwa wazi, sauti huenda kutembea humo ndani na kurudi ikiwa imenenepa.

Katika kumbi nzuri za simfonia sauti huchukua takriban sekunde 2 kufifia. Sasa rudi kwenye hesabu yetu: fidla zikipiga noti saba na zaidi kwa sekunde, basi kabla ya noti ya kwanza kufa, nyingine zaidi ya kumi na nne zimekwisha kuzaliwa juu yake. Kwa kondakta asiye makini, matokeo yake ni uji. Ndiyo maana mwendo unaofaa katika chumba cha mazoezi si lazima ufae ukumbini. CBSO hufanya mazoezi yake mengi katika jengo lake la Berkley Street, hatua chache tu kutoka Symphony Hall, na kondakta anayehama kutoka jengo moja hadi jingine hulazimika kuyaamini masikio yake kuliko kumbukumbu ya mkono wake. Wakongwe wa bendi zetu wanalijua jambo hili bila kufundishwa darasani: ngoma inayopigwa uwanjani haipigwi vilevile sebuleni.

Kuna jambo jingine kuhusu Birmingham ambalo hatukuweza kujizuia kulitaja. Ni kampuni ya Boulton na Watt ya mji huu ambayo mwaka 1788 ilianza kuweka katika injini zake za mvuke kifaa chenye mipira miwili inayozunguka, ambacho kilizuia injini isikimbie kupita kiasi. Hicho ndicho babu wa spidi gavana. Wakenya watakumbuka jinsi kifaa hicho kilivyozua mtafaruku wakati wa waziri John Michuki, masharti ya mwaka 2003 yalipoanza kutekelezwa Februari 2004 na matatu zikatakiwa zisizidi kilomita 80 kwa saa. Na kwa bahati ya ajabu, Dvořák mwenyewe alikuwa mtu wa treni. Alipenda vichwa vya treni za mvuke kupita kiasi, na mjini New York alikuwa akienda kuvitazama kila alipopata nafasi. Wengi huisikia treni mwanzoni mwa sehemu hii ya mwisho: noti mbili nzito zinazosukumana, kwanza taratibu, kisha mbio zaidi na zaidi, hadi mtambo wote unaondoka. Wengine husikia papa wa ile filamu ya mwaka 1975. Kila mtu na masikio yake.

Je, hapo moto ndiyo kasi? Sisi tunaona kwamba huu ndio mzizi wa mkanganyiko wote. Mtu akisema "moto" katika jikoni ya kwetu, swali linalofuata ni moto gani. Upo moto wa kuchemshia maji, wa kuni zinazolia, na upo moto wa makaa unaopaliwa juu ya sufuria ya wali, usio na mwali wowote wa kuonekana lakini ndio unaoivisha. Kondakta anayedhani kwamba "kwa moto" maana yake ni kukimbia tu atapata mwali mkubwa na wali mbichi. Katika rekodi tulizozisikiliza, Arturo Toscanini na orkestra yake ya NBC ya mwaka 1953 anakwenda kwa kasi, lakini kinachounguza ni ukali wa kila pigo, jinsi upinde unavyouma uzi. Upande wa pili yupo Sergiu Celibidache, aliyekuwa Munich, ambaye alikwenda taratibu mno kuliko tarakimu ya mtunzi, akidai kwamba kila sauti ipewe muda wa kusikika. Kwake joto lipo, lakini ni la tanuri. Tunakiri kwamba baada ya dakika kadhaa tulianza kutazama saa.

Hoja nzito zaidi, hata hivyo, haihusu uhodari wa wapigaji. Inahusu wimbo. Chuo alichokiongoza Dvořák mjini New York kilikuwa kikipokea wanafunzi weusi, na mmoja wao aliitwa Harry Burleigh. Babu yake, Hamilton Waters, alikuwa amewahi kuwa mtumwa, akanunua uhuru wake, na ingawa macho yake yalikuwa yamefifia alimfundisha mjukuu nyimbo za watumwa wa Kusini. Burleigh alimwimbia Dvořák nyimbo hizo, naye mtunzi akatangaza hadharani kwamba muziki wa Marekani wa siku za usoni ungepaswa kujengwa juu yake. Katika Marekani ya wakati huo hayo hayakuwa maneno ya kawaida kutoka kinywani mwa profesa Mzungu. Dvořák hakunakili wimbo wowote wa watumwa. Alitunga wa kwake kwa roho hiyo, na sehemu ya pili ya simfonia ina wimbo wa taratibu unaofanana nao kiasi kwamba mwaka 1922 mwanafunzi wake William Arms Fisher aliutilia maneno, na watu wengi hadi leo wanaamini ni wimbo wa kale wa kanisani.

Wanahistoria wanasimulia kwamba Dvořák alikuwa ameuandikia wimbo huo mwendo wa haraka kuliko tunaousikia leo. Seidl alipoufanyia mazoezi taratibu zaidi, mtunzi akasikiliza, akakubali, akabadilisha neno lililoandikwa juu ya ukurasa. Kwa hiyo mtu yule yule tunayeambiwa tuitii tarakimu yake alikuwa tayari kujifunza kutoka kwa kondakta. Wanaotetea uhuru wa kondakta huutaja mkasa huu kwa furaha. Lakini mkasa huohuo una upande wa pili: kama alikuwa tayari kubadilisha sehemu ya pili, na ile 152 ya sehemu ya nne akaiacha, basi huenda aliitaka.

Sasa tufike kwenye kiini. Katika sehemu ya mwisho nyimbo zote za nyuma hurudi, pamoja na ule wa taratibu, lakini safari hii unapita katikati ya mbio za orkestra nzima. Ukimbizwe kupita kiasi, msikilizaji hautambui. Unakuwa kama ndugu uliyempita barabarani ukiwa ndani ya basi la kasi, umeinua mkono tayari amekwisha potea. Ukiwa wa mwendo unaofaa, unasikia kwamba wimbo wa huzuni umelazimishwa kutembea na askari. Kwa maoni yetu, kipimo cha kweli cha kasi ya sehemu hii ni hapo: kama mtoto aliyeusikia wimbo ule robo saa iliyopita anaweza kuutambua, mwendo ni sahihi, iwe tarakimu ni 144 au 152.

Mwaka 2016 orkestra ya Chineke!, iliyoundwa mwaka mmoja kabla na Chi-chi Nwanoku na ambayo wapigaji wake wengi ni weusi na watu wa jamii nyingine za wachache, iliipiga simfonia hii mjini London chini ya Kevin John Edusei, Mjerumani mwenye asili ya Ghana, na rekodi yake ikatolewa. Haikuchagua simfonia hiyo kwa bahati nasibu.

Wasomaji wetu wa Afrika Mashariki wana sababu ya kuuelewa ugomvi huu, kwa kuwa nao wameuishi. Katika muziki wa dansi, wimbo huanza na maneno yanayosikika, kisha hufika chemko, gitaa zikashika usukani na watu wakaingia uwanjani. Kwenye sahani za santuri zile ndogo, mara nyingi chemko liliwekwa upande wa pili, ndiyo maana wapo watu wazima leo wanaokumbuka upande mmoja tu wa nyimbo nyingi. Na miaka ya 1990, taarab ya kisasa ilipoongeza mwendo na watu wakaanza kucheza badala ya kukaa na kutunza, wazee wa Zanzibar na Tanga walilalamika kwamba maneno yanamezwa. Si kwamba hawakupenda kucheza. Walikuwa wanauliza swali lilelile la Symphony Hall: katika mbio hizi, nani atausikia ujumbe?

Upo mfano mmoja ambapo kasi ya mwisho wa simfonia imekuwa suala la siasa kabisa. Mwezi Januari 1936 gazeti la chama cha kikomunisti mjini Moscow lilimshambulia vikali Dmitri Shostakovich, na katika enzi za Stalin shutuma kama hizo ziliweza kumgharimu mtu maisha. Tarehe 21 Novemba 1937, mjini Leningrad, simfonia yake ya tano ikapigwa chini ya Yevgeny Mravinsky, ikaishia kwa tarumbeta na ngoma za ushindi, na mtunzi akapona. Lakini ushindi wa nani? Katika matoleo ya maandishi ya simfonia hiyo, kasi ya mwisho imechapishwa kwa namna mbili: moja inasema 188 kwa kila robo-noti, nyingine 184 kwa kila nusu ya robo-noti, yaani mwendo wa pili ni takriban nusu ya ule wa kwanza. Mwaka 1959 Mmarekani Leonard Bernstein aliipiga mjini Moscow mbele ya mtunzi mwenyewe, akaumaliza mwisho kwa mbio za shangwe, na Shostakovich akapanda jukwaani kumshukuru. Mstislav Rostropovich, aliyekuwa rafiki wa mtunzi, aliupiga taratibu na kwa uzito, na ghafla shangwe ikasikika kama mtu anayegongwa kichwani akiambiwa furahi, furahi. Kitabu kilichotoka mwaka 1979 kwa jina la mtunzi kinasema ndivyo alivyokusudia. Wataalamu wanakibishania hadi leo.

Mtu aliyekulia Zaire ya Mobutu, ambako wafanyakazi na wanafunzi walitolewa kucheza na kumsifu kiongozi, au aliyesimama juani katika sikukuu za taifa za Kenya enzi za Moi huku kwaya zikipokezana sifa, hahitaji mtaalamu wa kumfafanulia hilo. Anajua kwamba shangwe ya amri ina mwendo wake. Na viongozi wawili wa CBSO wa miaka ya karibuni, Andris Nelsons aliyeondoka mwaka 2015 na Mirga Gražinytė-Tyla aliyeongoza tangu 2016 hadi 2022, walizaliwa Riga na Vilnius, miji iliyokuwa chini ya Muungano wa Kisovieti. Mtu wa namna hiyo anaposhika fimbo mbele ya Shostakovich, kasi kwake si jambo la ladha peke yake.

Tusisahau pia fedha. Kasi ni gharama. Orkestra inaweza kuupiga mwisho wa Dvořák kwa mwendo wa 130 baada ya mazoezi machache, lakini 152 safi, isiyo na uji, inataka saa za mazoezi, na saa hizo hulipiwa. Halmashauri ya Jiji la Birmingham ilitangaza mwezi Septemba 2023 kwamba haina tena uwezo wa kusawazisha mahesabu yake, na mwaka uliofuata ikaamua kupunguza kwa nusu ruzuku ya taasisi za sanaa, ikiwemo CBSO, kisha kuifuta kabisa katika mwaka wa fedha wa 2025/26. Orkestra hii ilianzishwa mwaka 1920 kwa msaada wa fedha za mji. Chini ya Simon Rattle, kati ya 1980 na 1998, ilipanda hadi daraja la orkestra zinazotajwa duniani, na sababu moja ilikuwa ni muda: kijana mmoja na wapigaji walewale kwa miaka 18, hadi wakajuana kwa kupepesa macho. Mwendo mkali unaosikika bila kishindo huzaliwa hivyo.

Kuna mpiga matoazi ambaye hutuhuzunisha kidogo kila tunapoisikia simfonia ya Dvořák. Huketi karibu muda wote bila kazi, na katika sehemu hii ya mwisho hupiga mara moja tu, tena si kwa nguvu. Kondakta akiwa na haraka, pigo lake hupotea na jioni yake yote imekwenda bure. Baada ya hapo nyimbo zote hukutana, na karibu na kikomo mtunzi mwenyewe ameandika kwamba mwendo upunguzwe, kisha anaurudisha moto kwa muda mfupi sana. Halafu fidla hunyamaza. Hubaki zile ala zinazopulizwa tu, zikishikilia sauti moja ya pamoja inayozidi kufifia, na hapo Dvořák hakuandika tarakimu yoyote ya metronomu. Ameacha alama inayomwambia kondakta ashikilie kwa muda anaouona unafaa. Katika Symphony Hall, milango ile ya zege ikiwa wazi, si rahisi kujua ni wakati gani wapigaji wameacha kupuliza.